Mlango wa Mama Kwenye Gorofa

Mwenye ploti alikuja Jumamosi asubuhi, akasimama katikati ya uwanja wetu karibu na mfereji, akatutangazia kwamba nyumba zitabomolewa. Alikuwa na duka la mbao na simiti hapa Kitui mjini, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo alianza na maombi. Baada ya amina akasema tuna miezi mitatu ya kuhama, na kwamba mahali pa vyumba vyetu patasimama jengo la gorofa nne. Wapangaji wa zamani wangepewa nafasi ya kwanza, alisema, kama wangeweza kodi mpya.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Watu wa mshahara mdogo tuliishi kwenye vyumba vya matofali ya udongo na mabati vilivyozunguka uwanja mmoja, na kila baada ya miezi michache uwanja kama huo ulikuwa unapotea. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu dereva wa lori la serikali. Tulikuwa na vyumba viwili upande mmoja wa uwanja na cha tatu upande wa pili. Hicho cha tatu ndicho kilichofanya ile amina inikwame kooni.

Ndicho alichokaa mama yangu. Alikuwa ametoka Kalamba na kidonda cha mguu ambacho ugonjwa wa sukari haukukiacha kipone, na mara tatu kwa wiki ilibidi kisafishwe hospitalini, mwendo mfupi kutoka kwetu. Dada yangu ameolewa Mombasa, na wavulana mama hakujaliwa. Nilibaki mimi.

Sasa, kwetu Ukambani mama mkwe na mume wa binti yake hawakai nyumba moja. Hawaangaliani usoni, hawali pamoja, na wakiona wanakaribia kukutana njiani, mmoja hupinda. Hakuna ugomvi ndani yake, ni heshima tu. Kanisani tulihubiriwa kwamba mambo hayo ni ya kale. Sote tuliitikia, kisha tukarudi nyumbani tukaendelea nayo. Nasikia kuna wanaoyamaliza kwa mbuzi na blanketi, lakini mama alisema heshima yake haiuzwi kwa mbuzi, tena hawa wa siku hizi walivyokonda. Kwa miaka tisa mume wangu alimnunulia ugoro na kumpelekea kwa mikono ya watoto, na katika miaka hiyo yote hakumwona ila pindo la leso likiingia mlangoni.

Nilikwenda kuomba kuona ramani ya jengo. Kila nyumba ilikuwa na sebule, vyumba viwili vya kulala, jiko, choo cha ndani, na mlango mmoja. Huo mlango mmoja ndio uliokuwa taabu yangu. Tukijibana tungeweza kodi ya nyumba moja, lakini si nyumba pamoja na chumba kingine mjini, na vyumba vya bei yetu vilikuwa vimebaki ng'ambo ya mto tu, ambako mguu wa mama usingemfikisha hospitali. Mama aliposikia alianza kukunja nguo zake. Akasema nimrudishe Kalamba, asije akatuvunjia nyumba uzeeni. Nikamwambia akirudi Kalamba mguu utaoza na atakufa, na mimi sitaki. Sikumbembeleza. Nilizichukua zile nguo nikazikunjua tena.

Mwalimu mkuu alituazima nyumba mbili za walimu zilizokuwa tupu, tukae humo mpaka walimu wapya waletwe. Kwa hiyo muda wa kulitatua jambo la mlango ulikuwa ule wa ujenzi tu. Kila siku shule ikifungwa nilipitia kwenye mjengo, nikakaa juu ya mawe ya kujengea, nikasahihisha madaftari huku wanawake wakiponda kokoto na punda wakileta maji. Fundi mkuu alikuwa mzee wa kwetu, mtu wa maneno machache. Nilimwambia ninachotaka: kwenye nyumba ya pembeni, gorofa ya pili, chumba kimoja kifunguke kwenye ngazi, na ule mlango wake wa ndani uzibwe kwa mawe. Hakuniuliza kwa nini. Aliangalia chini kidogo, akasema kazi yenyewe ni ya nusu siku, ila ruhusa si yake.

Niliichagua gorofa ya pili kwa sababu kodi ilipungua kadiri ulivyopanda, maana maji ya mfereji hayakupanda. Nilijiona mjanja sana. Kuhusu mama mwenyewe kupanda ngazi na mguu ule, nakiri, sikuwaza hata kidogo.

Mwenye ploti alikataa. Alisema nikipewa mlango wa pili, kesho nitampangisha mtu mwingine chumba hicho na kula kodi ya bure. Nikamwambia ni cha mama yangu. Akasema kila mtu ana mama. Nilirudi kwake dukani mara nne, na mara ya nne akaniuliza kama shuleni hawanipi kazi ya kutosha. Nilitoka pale kwa hasira, na kabla sijafika mbali nikakumbuka kwamba yeye naye ameoa.

Mama wa mke wake alikuwa mwenzake mama yangu katika kikundi cha akina mama cha kanisa. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamweleza yote bila kuficha nia yangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Aliniuliza tu kama hapo kwenye mjengo kuna kivuli, maana alikuwa na viondo vya kumaliza.

Jumatatu asubuhi alikuwa ameketi kwenye lango la mjengo, miguu ameinyoosha, anasuka. Mwenye ploti alikuja na pikapu yake imejaa simiti. Alipoona ni nani yuko langoni, gari lilisimama ghafla barabarani, likakaa kidogo, likarudi nyuma lilikotoka. Jumanne likafanya vivyo hivyo. Simiti ilikuwa imekwisha ndani, na kuituma kwa mtu mwingine hakutaka, kwa sababu hakumwamini mtu na mali yake. Jumatano mafundi walishinda wamelala kwenye mbao. Bibi yule alikuwa anamaliza kiondo cha pili na akaomba aletewe nyuzi zaidi. Nilimwonea mwenye ploti huruma kidogo, si sana. Alhamisi alimwita fundi mkuu dukani, na fundi akaniletea jibu jioni nikiwa na madaftari yangu.

"Amesema ujengewe mlango wako," aliniambia. "Na amesema huyo mama aende nyumbani, jua ni kali."

Tulipohamia, jambo la ngazi likanirukia usoni. Mama alifika ngazi ya tano akakaa chini. Wanawake wa kanisa walimweka kwenye kiti wakampandisha, wakiimba, wakimyumbisha hata nikafumba macho. Yeye aliukagua mlango wake, akajaribu ufunguo mara mbili. Nilikuwa na wasiwasi atasema kwamba gorofa nzima ni paa moja, na kweli ilikuwa paa moja. Alifikiri, akaamua kwamba mlango ndio unaohesabika. Tangu siku hiyo alishuka kwa siku za hospitali tu, nikimshikilia upande mmoja na mwanamke mmoja wa kanisa upande wa pili, tukipumzika kila baada ya ngazi chache. Jirani wa chini akawa anapanda kumsalimia. Mume wangu alipita mbele ya mlango ule kila siku akiangalia ukuta wa upande mwingine.

Mwaka wa pili wa kukaa pale, asubuhi moja nikiwa darasani, jirani huyo alikuja mpaka dirishani akihema. Alikuwa mja mzito, karibu kujifungua, na alikuwa amekimbia. Alisema alimkuta mama anaongea ovyo, mwili unawaka, mguu umevimba mpaka gotini. Asingeweza kumwinua. Kwenye jengo zima hakukuwa na mwingine wa kumsaidia ila mume wangu, ambaye alikuwa na likizo siku hizo.

Jirani alinieleza tukitembea kwenda hospitali. Mume wangu alisimama nje ya mlango wa mama muda mrefu, mpaka yeye akataka kumpigia kelele. Kisha akabisha.

"Mwaitu, ni mimi," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Naomba ruhusa niingie."

Halafu komeo likasikika, kwa sababu mama alikuwa ametambaa mwenyewe mpaka mlangoni kulitoa. Alipofungua alikuwa amejifunika leso kichwa chote. Mume wangu aligeuka akampa mgongo, akachuchumaa, akambeba mgongoni kama mtoto, akashuka naye ngazi zote, akapita naye katikati ya soko mchana kweupe, mbele ya watu waliojua vizuri ni nani amembeba nani. Wengine waligeuza nyuso ili wasione. Hiyo nayo ilikuwa heshima.

Nilimkuta nje ya wadi, amekaa kwenye benchi akiupa mlango mgongo. Shati lake lilikuwa limelowa kiunoni kwa usaha wa kidonda na hakuwa amejaribu kulifuta. Nilianza kulia pale pale, nikitaka kumshukuru, lakini hakunipa nafasi.

"Mwambie sikumwangalia," alisema.

Niliingia. Walikuwa wamemtundikia dripu, na muuguzi aliniambia mguu utabaki, hautakatwa, kwa kuwa ameletwa mapema. Mama alikuwa na akili zake tena. Nikampa ujumbe kama nilivyoupokea, kwamba mkwe wake hakumwangalia.

"Najua," alisema mama. "Mimi ndiye niliyemwangalia. Leso ina matundu." Akanigeukia. "Ana mvi nyingi kisogoni, huyo mtoto. Unampa chakula kweli?"