Visanduku vya Jikoni kwa Kalista

Baltazari, fundi seremala wa hapa Chanji, alikuwa ametengeneza makabati ya nusu ya mtaa, huku vyombo vya mkewe vikikaa kwenye ndoo. Mganga hajigangi, tulimtania. Alicheka, akaendelea kupiga randa.

Kisha miguu ya Kalista, mkewe, ikaanza kufa ganzi. Hospitali walisema huo ni ugonjwa wa kutunzwa, si wa kupona. Mimi jirani nikajitolea kuwapikia, Kalista akanifukuza na mwiko. Alikuwa na kiburi mama yule, nami nilimpenda kwa kiburi hicho hicho. Alitaka jambo moja tu: ampikie mumewe yeye mwenyewe mpaka mwisho.

Baltazari alizunguka siku mbili, penseli sikioni. Kabati la kawaida, alisema, halimfuati mtu. Akapigilia papi, zile mbao nyembamba ndefu, ukutani, safu chini ya safu, kuanzia usawa wa kichwa hadi karibu na sakafu. Akaunda visanduku tisa vya paini, vyote kipimo kimoja, kila kimoja na kipande cha mbao mgongoni cha kung'ang'ania papi. Unakinyanyua, unakihamishia safu nyingine, bila nyundo wala msumari.

Mwanzo vilikaa usawa wa kifua cha Kalista. Mvua za Novemba zilipoanza, alikuwa anapika amekaa kwenye kiti, na visanduku vikashuka. Pasaka ikamkuta anapikia mkekani, jiko la mkaa ubavuni. Vikashuka tena. Baltazari alivishusha kimyakimya, kama anayefunga dirisha mgonjwa asipigwe na upepo. Mimi nilitazama safu zilizobaki chini. Ilibaki moja.

Julai, baridi ikiwa kali, niliwapelekea mkaa. Kalista alikuwa amelala ubavu mkekani. Baltazari amepiga magoti, ameshika kisanduku cha chumvi, anataka kukiteremsha safu ya mwisho.

"Acha, Baba Vitus," Kalista akasema. "Vipandishe."

"Hutavifikia, Mama Vitus."

"Vipandishe vifike kifuani kwako."

Mzee wa watu akabaki na magoti yake sakafuni. Alielewa, nami nilielewa, na ningetoa chochote nisiwe nimesimama pale.

"Mimi sijui kupika," alisema. "Unajua."

"Ndiyo maana. Simama, nikuelekeze wakati sauti bado ninayo."

Akasimama. Akavipandisha kimoja kimoja, vyote tisa, Kalista akimwelekeza kutoka chini: chumvi mkono wa kulia, unga wa ulezi karibu na jiko, mafuta mbali na moto. Akikosea, alikemewa. Machozi yalimdondoka ndevuni na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Baltazari alipomaliza, Kalista alipumzika kidogo.

"Haya," akasema. "Bandika maji."