Wapagazi wa Baba

Watu wakisikia kwamba nilizunguka nchi za watu miezi saba nikiwa na miaka kumi na mitano, wananiambia nilibahatika. Bahati gani? Nilibeba shanta. Nililala kwenye hema lenye harufu ya soksi za Mzungu. Nikaharisha Kisumu, nikaharisha na Jinja. Bahati hiyo chukua wewe.

Chanzo ni baba. Alikuwa anaongoza watalii mlimani, miaka ile wageni walipoanza kumiminika Moshi kama kumbikumbi, na kila aliposhuka alikuja na habari ya familia ya Kizungu, baba, mama na watoto, wameacha shule na kazi wanazunguka dunia na mabegi mgongoni. "Yule mtoto ana miaka kumi na miwili, ameona nchi tisa," alimwambia mama mezani, mtori wa ndizi unapoa. "Huyu wetu ameona nini? Rau na Chekereni!" Mimi nilikuwa nimeketi pale pale. Sikuwa na shida yoyote na Rau.

Bakshishi moja nono ikamvimbisha kichwa. Akakusanya mashanta yaliyoachwa na wageni wake, akaenda shuleni kuniombea ruhusa, akatangaza kwamba Agosti tunaondoka, sisi watatu. Kaka zangu walikuwa wameshaoa, wakaponea hapo.

Jambo langu lilikuwa moja tu, kipaimara. Mafundisho nilishamaliza, ilibaki siku yenyewe, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Bibi, mama yake baba, aliyeishi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo huko juu kati ya migomba na kahawa, alikuwa na presha ya macho. Hospitali walishamwambia hayatapona, yatafifia tu mpaka yazimike. Alikwisha kununua kitambaa cheupe, na fundi wa mtaa wa Pasua akanishonea gauni refu makusudi kwa kuwa nilikuwa bado nakua. "Nikuone umelivaa, mjukuu wangu," aliniambia, "halafu haya macho yaende yanakotaka." Baba alikuwepo. Alimwahidi mama yake kwa kinywa chake mwenyewe kwamba Desemba ikianza tutakuwa nyumbani.

Sasa sikia safari yenyewe. Mwongoza watalii habebi mzigo. Ndivyo kazi yao ilivyo, yeye mbele na kibegi chake kidogo, wapagazi nyuma na dunia nzima kichwani. Kazi hiyo ilikuwa imemwingia baba kwenye mifupa. Basi kutoka stendi ya Nairobi hadi ndani ya Uganda alitangulia na kibegi chenye dira na chupa ya maji, mimi na mama tukafuata na hema, sufuria, jiko la mafuta ya taa na mablanketi. Kila baada ya saa moja aligeuka kutuuliza, kwa Kiingereza cha mlimani, alivyozoea kuwauliza wageni wake huko juu, kama kichwa kinatuuma. Kichwa! Mgongo ndio ulikuwa unakatika. "Pole pole," anasema. Mama ananyamaza. Na yeye nilimdharau kwa kunyamaza kwake.

Na nani alituona watalii? Hakuna. Karibu na Kabale, wakati huo watu wanakimbia vita Rwanda, masista wa parokia moja walituona barabarani na sufuria zetu, wakatushika mikono kwa huruma, wakatupanga kwenye foleni ya uji. Baba akajieleza kwamba yeye ni mtalii. Sista akamtazama, akamwongezea blanketi. Nilicheka mpaka uji ukanipalia, na kusema kweli ndiyo siku pekee niliyoifurahia.

Pale pale niliomba turudi. Ilikuwa Novemba. Lakini baba alikuwa amesikia kwamba Kasese kuna mlima Ruwenzori, nao una theluji. Theluji! Mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro, anayekanyaga theluji kwa mshahara, akatukalisha Kasese majuma saba tukisubiri mawingu yafunguke auone mlima wa wenzake. Hayakufunguka. Jumapili ya kipaimara changu nilikuwa nafua soksi zake. Krismasi, wakati hata Mchagga aliyepotea miaka ishirini anapanda basi kurudi kwao, sisi tulikula muhogo hemani. Nikamwambia, "Baba, wewe ni mpumbavu." Mama akanizaba kofi. Baba alisema tu kwamba kesho kutakucha kweupe.

Tulirudi mwishoni mwa Februari. Shangazi alitupokea barabarani, akamwambia kaka yake bila kuzunguka: macho ya mama yao yalizimika Januari. Jumapili ile ya kipaimara alivaa kitenge kipya tangu asubuhi, akakaa mlangoni mpaka watu walipotoka kanisani.

Baba akatua kibegi chake. Alikwenda mpakani mwa kihamba, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, naye akishaliona hawezi kukukatalia msamaha, hata kama umemuulia ng'ombe wake. Na mwenye kulipeleka hafungui kinywa, wala halitii mkononi mwa aliyekosewa, analinyoosha tu. Jani ndilo linalomsemea mpaka lipokewe.

Mimi nilikwenda kuvaa gauni. Lilikuwa limeshanibana makwapani. Mama na shangazi walikuwa jikoni nje, bibi peke yake ndani kwenye kigoda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sogea."

Akanipapasa mabegani, mikononi, akashuka hadi kwenye pindo. "Umekua," akasema. "Ni jeupe?"

"Jeupe, bibi."

Niliumia, jamani. Hapo baba akaingia, akasimama mbele ya mama yake, amelinyoosha lile isale kwa mikono miwili. Bibi akainua uso.

"Ni baba yako huyo?"

"Ndiye."

"Mbona hasemi? Ameshika nini?"

Baba akanitazama. Miezi saba nilikuwa nimembebea kila kitu chake, na sasa alitaka nimbebee na hili, jani jepesi, nilitie tu mkononi mwa bibi.

"Hajashika kitu, bibi," nikasema.

Bibi akaguna, akainama, akaendelea kunyoosha pindo la gauni langu.