Mapanga ya Mti wa Yago

Sinywi pombe, sijawahi kuvuta bangi, na siku hiyo sikuwa hata na mafua. Nayasema haya mapema kwa sababu kila niliyemsimulia kisa hiki ameanza kwa kuniuliza hayo. Kilinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, ndani ya karakana yangu ya useremala pale Kendu Bay, mwaka uliotangulia zile mvua kubwa zilizobeba madaraja.

Kaka yangu Owiti alikuwa fundi wa ndege Nairobi hadi walipopunguza wafanyakazi. Akarudi nyumbani na sanduku la spana na wazimu mmoja: kujiundia jairo. Kama hujaiona, ni kindege cha mtu mmoja, wazi kama pikipiki. Injini iko nyuma, inasukuma. Juu ya kichwa kuna mapanga mawili marefu yanayozungushwa na upepo tu, na hayo ndiyo yanayokubeba. Likikatika moja, umekwisha. Sasa unaelewa kwa nini tulibishana miezi minne kuhusu mapanga.

Tulikuwa na jozi mbili. Moja ilikuwa ya alumini, mtumba, Owiti aliipata kwa rafiki yake wa zamani. Nyingine niliichonga mwenyewe kwa mti wa yago, ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama yamefungwa kamba. Mti huo niliukata katika boma moja nje ya mji, kwa ruhusa ya kijana wa pale aliyekulia Kisumu. Owiti akayapima mapanga yangu, akayapapasa, akacheka.

"Omera, ndugu yangu, hizi ndio zitanipeleka juu," akasema. "Hizo za alumini weka kando."

Niliona fahari, sikatai. Na kwa kuwa uamuzi ulishapita, sikumwambia kwamba nilipoyagonga yale ya alumini kwa kifundo cha kidole, moja lililia vizuri na la pili likatoa sauti butu, kama chungu chenye ufa. Niliona hakuna haja.

Basi mchana huo nilikuwa nimelaza panga la yago juu ya msumari wa kupimia uzani, limetulia sawasawa. Mtu akaingia. Kijana wa miaka ishirini na kitu, kaptula ya kaki ya mtindo wa zamani, hana viatu.

"Misawa, nyathina," akanisalimia.

Mwanangu! Mimi mwenye mvi, na yeye hata ndevu hazijamkamilika. Nilitaka kumtania, lakini nikaona panga limeinamia upande wake.

Nikalisawazisha. Akazunguka meza, panga likainama kumfuata. Akarudi alikotoka, panga nalo likarudi. Niamini, hapakuwa na upepo. Maranda yalikuwa yametulia sakafuni. Ningekimbia, si ndiyo? Sikukimbia. Nilihisi ganzi ikinipanda kutoka vidoleni, na woga ukawa kama ni wa mtu mwingine.

"Mnataka kunipeleka wapi?" akauliza kwa Kiluo, taratibu.

"Kukupeleka wewe? Nani?"

"Nimezungushwa na maji vya kutosha, nyathina. Niliwekwa pale nitulie. Usinizungushe tena."

Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu wa kulia. Kilikuwa baridi. Kisha akatoka, na panga likajirudisha lenyewe likatulia.

Alasiri hiyo hiyo nilienda kwenye lile boma. Safari hii nilimkuta mama mwenye nyumba, mzee sana.

"Ule mti ni wewe ulikata?" akaniuliza. "Na hukuuliza mtu mkubwa?"

Shemeji yake alizama ziwani zamani, angali kijana, na mwili haukuonekana. Kama tunavyofanya Waluo, walizika tunda la yago badala yake. Tunda likaota. Hakuna aliyethubutu kuugusa mti ule, ila kijana wa Kisumu hakuwahi kuambiwa. Lakini mimi je? Mimi nimezaliwa hapa, nimeshika jembe katika mazishi ya namna hiyo. Niliuona mti umesimama katika safu ya makaburi, nikafikiria mbao. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama yule mama. Kesho yake nikayarudisha mapanga, tukayafukia palepale.

Owiti ningemweleza nini, mtu anayeamini nati na bolti? Nilimwambia mbao imepasuka, nimeichoma.

"Na hizi za alumini ziko sawa?" akauliza. "Wewe ndio sikio yangu."

"Ziko sawa," nikasema.

Unashangaa? Nilijiambia hivi: marehemu ametoka alikolala kuja kutuonya, basi hatari iko kwenye mti, na alumini ni salama. Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Tulienda Ogwedhi, kwenye malisho mapana, asubuhi isiyo ya mnada wa ng'ombe. Owiti alipanda, akapita urefu wa miti, akanipungia mkono. Kisha kitu kikalia mara moja, na panga moja likaenda zake peke yake. Wachungaji walimfikia kabla yangu.

Nilimzika kaka yangu bila chozi. Watu walisema nimejikaza. Sikujikaza, sikuhisi kitu. Mpaka leo nikishika kikombe cha chai kwa mkono ule alioushika kijana wa kaptula, lazima nitazame nisiungue. Shemeji yangu, mjane wa Owiti, hunikaribisha vizuri, hunipa kiti cha marehemu, nami hukaa.

Maneno ya yule kijana nimeyarudia mara nyingi. Hakumtaja Owiti. Hakutaja alumini wala hatari. Alikuja kujiombea mwenyewe, kama yeyote aliyeamshwa usingizini, na mimi nikamfanya malaika wetu mlinzi. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukitembelewa, mheshimu na umpe haki yake. Lakini muulize amekuja kwa ajili ya nani. Na kama kuna jambo unalijua mwenyewe, liseme kwa walio hai, hata likikuaibisha. Kaka yangu aliniuliza swali moja, na jibu nilikuwa nalo.