Fundi Mmoja, Majoho Mawili

Kila Jumapili rafiki yangu Mkenya alikuwa akinipitia kwa gari twende kanisani. Alikuwa akipiga honi mara mbili chini ya fleti yetu pale Wheaton, Marekani, nami nikishuka. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Jumapili moja honi haikulia. Iliyofuata pia. Nikabaki dirishani na koti langu mwilini. Nilijua ananishuku, na sababu niliijua.

Tulikuwa tukimtunza bibi mmoja, mimi mchana, yeye usiku. Bibi alipohamia kwa mwanawe, alitupa kila mmoja picha ya kale ya Japani: fundi wa miavuli ya karatasi ameketi chini, kazi yake imemzunguka. Kwenye picha yangu fundi amevaa joho la bluu. Kwenye ya mwenzangu, joho lilelile ni la kijani. Siku alipoiona yangu ukutani, aliaga chai haijapoa.

Nikaifunga picha kwenye khanga, nikapanda basi mpaka kwake Gaithersburg.

"Karibu," alisema, akinikazia macho bila kusogea mlangoni.

"Nimemleta fundi wangu amsalimie wako."

"Wako ndio orijino, mimi nikaachiwa kopi. Nyinyi Watanzania mnaweza kumwibia mtu na bado aseme asante."

Alinipisha hata hivyo. Nikamweleza taratibu: zama zile kamera haikujua rangi. Picha moja ilitolewa nakala nyingi, zote za kahawia tupu, kisha mtu akaketi na brashi ndogo akazipaka rangi, moja baada ya nyingine. Bibi mwenyewe aliniambia, asubuhi nikimlisha uji.

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Zamu yako alikuwa amelala, dada."

"Ati amelala! Wewe una jibu ya kila kitu."

Kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Nikaishusha yake ukutani, nikaifungua na yangu. Nikaziweka picha mbili juu ya meza ya jikoni.

"Usitazame rangi. Tazama kilicho chini yake."

Akavaa miwani, akainama. Kidole chake kilipata mwavuli uliovunjika kijiti, kikavuka picha ya pili, kikaukuta uleule. Kisha ndara iliyopinduka karibu na mlango: hapa ipo, na pale ipo. Mwishowe akafika kwenye dole gumba la fundi wangu, ambako bluu ilikuwa imemwagikia.

"Aliyekupakia wewe alikuwa na haraka."

"Labda alikuwa zamu ya usiku."

Alicheka bila kutaka. Kisha akasema, "Basi tubadilishane."

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya picha yangu. Kwa nini aitake, na ameshaona yake ndiyo iliyopakwa vizuri? Ana lipi analolijua? Nilimkazia macho vilevile alivyonikazia mimi mlangoni.

"Heh! Na wewe pia unanishuku?" alisema, akanisukumia fundi wangu wa bluu. "Chukua, mama. Jumapili uwe umeshuka mapema. Sitapiga honi mara mbili."