Pedeli ya Tatu

Juma lililopita nilipita kando ya gereji moja ya uchochoroni, harufu ya mafuta ya giaboksi yaliyoungua ikanisimamisha. Ina utamu mbaya harufu ile, kama asali iliyosahauliwa motoni. Watu walinikwepa kulia na kushoto, nami nimeganda pale, nimerudi uani kwetu Tabora, sijaanza hata shule, namtazama baba akilifumua gari la mama.

Nasema la mama kwa sababu lilikuwa lake hasa. Mama alikuwa mkunga, na daktari wa kigeni aliyefanya naye kazi alipofungasha kurudi kwao alimwachia. Lilikuwa la otomatiki. Wanawake wenye kuendesha mjini kwetu walikuwa wachache mno, na mama alikuwa mmoja wao: kanga begani, mkoba wa kazi kando, anakwenda kuwaangalia wajawazito katika vijiji vipya vya ujamaa njia ya Sikonge, anarudi na vumbi hadi kwenye kope. Mara nyingine alinichukua. Niliamini kabisa kwamba ndani ya gari mna jini wa yule daktari na ndiye anayebadilisha gia, maana mama sikumwona akifanya lolote ila kushika usukani na kuimba kaswida.

Kisha jini akagoma. Gari likawa linanguruma bila kusogea. Vipuri vya otomatiki tungevipata wapi, miaka ile ambayo hata sabuni tuliipangia foleni? Baba alikuwa fundi wa chuma katika karakana ya reli. Akasema ataing'oa giaboksi ile aweke ya gia za mkono, kutoka kwenye pikapu moja iliyokufa.

"Chuma hakina siri," alipenda kusema. "Kifungue, kitakwambia."

Ikawa ndiyo kazi yake kila siku ya mapumziko, na kila jioni kabla ya magharibi. Gari lilipandishwa juu ya magogo ya mninga, na yeye na baba mdogo Saidi wakajilaza chini yake, ikabaki miguu tu nje. Siku waliposhusha giaboksi ya zamani nilijisogeza nimwone anayeishi ndani. Palikuwa na mafuta meusi na vyuma vya duara, basi. Nilihuzunika hata bibi akadhani nina homa. Baba akatoboa sakafu kupitisha mkono wa gia. Pedeli ya breki, iliyokuwa pana, akaipunguza kwa msumeno ili kando yake ipate nafasi pedeli ya tatu, ya klachi. Mama aliwaletea chai, akaitazama ile pedeli, akarudi jikoni. Kadiri kazi ilivyosonga baba alizidi kucheka na mama alizidi kunyamaza, nami sikujua nimfuate nani.

Siku ya kulijaribu majirani walijaa. Baba alikuwa ameoga, amevaa kanzu.

"Mama Zuhura, panda. Uwe wa kwanza mwenyewe."

Mama akapanda. Mimi nilikwisha jipenyeza kiti cha nyuma. Gari likaruka kama mbuzi, likazimika.

"Kanyaga klachi mpaka chini," baba akasema dirishani.

"Nimekanyaga."

"Bado. Chini kabisa."

Nikamwona mama ameweka kiganja juu ya goti lake la kushoto, analigandamiza kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Jasho lilimtiririka shingoni. Gari likaruka tena, likazimika. Baba mdogo akaguna kicheko, baba akamkata jicho.

Mama akashuka akitabasamu. "Mungu aibariki mikono yako, Baba Zuhura. Limekuwa jipya. Nitajifunza taratibu."

Hakujifunza. Baba akawa ndiye dereva, kila alipopata nafasi, na nafasi zilikuwa chache. Vijiji vile vikapewa mkunga mwingine, mama akahamishiwa wodini mjini. Barazani baba aliwaambia wenzake kwa fahari, "Mke wangu ameniachia usukani mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima." Mama alikuwa ndani akichambua mchele. Mikono ikasimama, kisha ikaendelea. Sikuelewa. Kama baba ametenda wema, mbona nyumba imenuna? Nilimuuliza bibi, akanijibu kwamba ya mume na mke ni chungu kilichofunikwa, nikacheze.

Miaka mingi baadaye, baba amekwisha kufariki, nilikuwa nikimkanda mama miguu kwa mafuta ya nyonyo. Wa kushoto ulikuwa mwembamba kama wa mtoto. Tangu nipate akili nilimwona akichechemea kidogo, nikadhani ndio mwendo wake. Kumbe homa ya utotoni iliudhoofisha: ulimbeba, lakini haukuweza kusukuma kitu.

"Baba hakujua?"

"Alijua nachechemea. Katika gari lile mguu huu ulikuwa umelala tu, nani angeukumbuka?"

"Si ungemwambia, mama?"

"Nimwambie amekwisha kata pedeli ya breki? Alikuwa na furaha, mwanangu. Sijapata kumwona na furaha vile."

Ndipo nilipokielewa kimya cha nyumba yetu. Miaka yote nilidhani mama amemkasirikia baba, kumbe alikuwa akiomboleza peke yake, akimficha msiba huo mtu yule yule ambaye angempa pole.

Akaufunika mguu kwa kanga.

"Lakini nilipenda kuendesha," akasema. "Wee! Nilipenda."