Samaki Ambaye Ndete Alimkosa

Wanawake wa mtaa wa Shauri Moyo walishakata kauli: Ndete anatengeneza heleni, na mzungu aliyemwajiri anamficha ukweli. Haiwezekani mtu mzima aajiriwe kufunga manyoya ya jogoo kwenye kindoana, eti samaki adhani ni nzi. Samaki gani mjinga hivyo?

"Mama Mutisya, wewe umewahi kumwona samaki akimla huyo nzi wako?" Fowsiya alimuuliza Ndete siku moja bombani, mbele ya watu. Fowsiya alikuwa jirani yake, mlango kwa mlango. Aliuza vitambaa sokoni Gikomba, na hakuna aliyewahi kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

"Bado."

"Basi nyamaza. Usitufundishe usilolijua."

Hapo ndipo palipomuuma. Maana Ndete aliianza kazi ile kabla hajamzaa Mutisya, na sasa Mutisya ana ndevu. Miaka yote hiyo ameinama juu ya kibanio cha chuma kule eneo la viwanda, anazungusha uzi mwembamba kama unywele, anaweka mkia, anaweka nyoya, anakaza fundo. Nyoya likipinda kidogo tu, msimamizi anakuja na wembe. Msimamizi mwenyewe ni Wathome, Mkamba mwenzake, lakini usidhani kuna upendeleo. Anakwangua kila kitu mpaka chuma kibaki uchi, anaitupa ndoana mezani, anasema, "Anza upya." Basi. Hata pole hakuna.

Na kweli, hakuwahi kumwona samaki akimla nzi hata mmoja. Nzi wengi walikwenda ng'ambo. Wachache walikwenda na mwenye karakana, Bwana Tobin, aliyekuwa akiwapeleka wageni kuvua kwenye mito ya huko juu milimani Nyandarua, mahali ambapo hapaishi mtu, ni baridi, mianzi na nyati. Kila gari lilipopakiwa, Ndete alisimama kando yake.

"Bwana, na mimi safari hii?"

"Safari ijayo, mama."

Safari ijayo, safari ijayo! Subira huvuta heri, wanasema. Ya Ndete ilivuta mpaka kamba ikakatika.

Halafu mwaka wa tisini na sita, siku moja kabla ya kuondoka, mpishi Nabiswa akaangushwa na malaria. Bwana Tobin aliingia karakana akiuliza nani anajua kupika, na kabla hajamaliza swali mkono wa Ndete ulikuwa juu. Jioni ile bomba zima lilijua. Fowsiya alimwazima sweta lake zito.

"Nenda ukamwone," akamwambia. "Na ukirudi, usitudanganye."

Walifika na mvua, na mvua ikakaa nao. Mto uligeuka rangi ya chai ya maziwa. Wageni walijikunyata hemani, wakala chapati kama watu waliotoka jela, na kila Ndete alipouliza habari ya samaki, Bwana Tobin alitikisa kichwa.

"Maji machafu, mama. Samaki haoni."

Ndete aliikasirikia mvua, akaukasirikia mto, akawakasirikia wale wageni kwa kula bila kushiba. Ametoka Shauri Moyo kuja kukanda unga porini! Si angekandia nyumbani?

Siku ya mwisho jua likatoka, maji yakatakata. Wageni wakashika fimbo zao za kuvulia mbio. Ndete akafungua kitambaa cha upishi kiunoni, naye aende.

"Pika kwanza," Bwana Tobin akamwambia. "Tukishakula, utakuja."

Sasa, nani alimshauri abebe maharagwe? Huko juu mlimani maharagwe hayaivi. Moto unawaka, maji yanatokota, na punje ziko palepale, ngumu kama kokoto. Ndete alipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu. Akaonja. Bado. Akaongeza kuni. Akaonja tena. Bado! Ndipo akasikia ukelele kutoka mtoni, na ukelele wa furaha haufichiki.

Alitupa mwiko. Aliteremka mteremko ule akiteleza, akaanguka, akainuka, kiatu kimoja kikabaki matopeni. Alipofika, mgeni mmoja mzee alikuwa amesimama majini hadi magotini, anapangusa mikono, anatabasamu peke yake.

"Yuko wapi?" Ndete akauliza akihema.

"Amemwachilia," Bwana Tobin akasema. "Hapa samaki hurudishwa, mama. Ndiyo desturi yetu."

"Amerudishwa wapi?"

"Mtoni."

"Woi! Mtu anapanda ndege, anapanda mlima, ananyeshewa siku zote hizi, anamshika samaki, halafu anamrudisha? Si angemshikilia hata kidogo tu nimwone?"

Akalia, kwa hasira tupu. Mgeni yule hakujua Kiswahili, lakini machozi aliyaelewa. Alikata uzi wake, akamwekea Ndete nzi kiganjani. Mkia ulikuwa umeng'oka, nyoya limechanika pande zote. Lakini lile fundo la mwisho Ndete alilijua, la mkono wake mwenyewe, na halikulegea. Alimfunga nzi yule ndani ya leso, akarudi kwenye maharagwe, akayakuta yameungua bila kuiva.

Bombani Fowsiya alimgeuza nzi juani, huku na huku.

"Huyu katafunwa na panya."

"Haki ya Mungu, ni samaki!"

"Ulimwona?"

"Nilimkosa kidogo tu!"

"Aaa!" wakasema wote kwa pamoja, wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Ndete alibeba maji yake, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu alimchukua nzi akaenda naye kazini. Wale wa bombani wajua nini? Wenzake wa karakana wangeelewa kwa kutazama tu. Alimweka juu ya meza yake, akaenda chumba cha pili kumwita Ndinda, rafiki yake, awe wa kwanza kuona.

Waliporudi, Wathome alikuwa amesimama pale mezani na wembe, akikagua kazi kama kila asubuhi. Vipande vya nyoya vilikuwa sakafuni. Ndoana ilikuwa uchi.

"Ndete, huyu ulimfunga usingizini?" akasema. "Anza upya."

"Huyo nilimfunga vizuri!" Ndete alipiga ukelele ambao haujawahi kusikika chumbani mle. "Huyo alitafunwa na samaki!"

Wathome aliitazama ndoana, akaviinamia vile vipande vya sakafuni, akainuka polepole. Na yeye pia alikuwa ameimaliza miaka yake mle ndani bila kumwona samaki.

"Kweli?" akauliza kwa sauti ndogo. "Yukoje?"

Wanawake wote walimgeukia Ndete, wengine wakasimama wapate kusikia vizuri.

"Sijui," Ndete akasema, akavuta kiti, akaibana ndoana kwenye kibanio.