Joho la Ami na Waya Nilioukata

Jamani, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana mpaka leo nikipita sokoni hapa Bagamoyo kuna mama muuza vitumbua hunipigia kelele, "Fundi joho, hujambo?" nami huinamisha kichwa utadhani nimedondosha hereni.

Siku yenyewe ilikuwa harusi ya kaka yangu Nassor. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja chuo cha ufundi, nasomea umeme, na baba (ana duka la vitambaa, mkali lakini msikivu) alikuwa ameshachoshwa na maneno ya ndugu kwamba mtoto wa kike na nyaya wapi na wapi. Akaniambia, "Harusi ikipita nitakupa jibu, kama unaendelea au unakaa dukani na mimi." Sasa mnaelewa kwa nini siku ile nilikuwa na kiherehere cha kuonekana fundi.

Kwetu bwana harusi hatoki ndani mpaka nguo zake zifukizwe udi zikolee, na joho alilokuwa avae lilikuwa la ami, kaka mkubwa wa baba, limetoka Maskati na kabatini halitoki ila kwa harusi. Shangazi Zuwena ndiye aliyekuwa akifukiza, kwa chetezo cha umeme alicholetewa zawadi, akawa analalamika, "Hiki kinachoma mno, udi unaungua badala ya kunukia. Nileteeni cha mkaa." Mimi huyo nikadakia, "Shangazi, niachie mimi, dakika tano tu!"

Nikakifungua. Ndani mna waya mwembamba uliojikunja kama springi, ndio unaopata moto. Nilikuwa nimeshaupima kwa mita ya kupimia umeme: unapita umeme wa nusu ampea, na wa ukutani ni volti mia mbili thelathini. Hapo mwenye akili zake angekaa chini akapiga hesabu. Mimi nikakumbuka chetezo cha mkaa, kwamba moto ukizidi unatoa kaa moja mbili, unapoa. Basi nikaukata waya nusu, nikaunga ncha, nikarudisha kifuniko, nikamwambia shangazi (kwa maringo, Mungu anisamehe), "Sasa kitapoa."

Shangazi akalitandaza joho juu ya tenga la kufukizia, chetezo chini yake, akaenda kupokea wageni. Haukupita muda nikasikia harufu, na haikuwa ya udi. Kulinyanyua joho, mgongoni pana tundu la ukubwa wa kisahani cha kahawa, linafuka moshi! "Moto! Yarabi, moto!" Shangazi akarudi mbio, akanyakua jagi la juisi ya ukwaju ya wageni, akatumwagia sote, joho, chetezo na mimi, chetezo kikalia paa! umeme wa nyumba nzima ukazima, na huko nje chini ya turubai sheikh alikuwa katikati ya dua kwenye spika, sauti ikakatika, wanaume wa mtaa mzima wakabaki na mikono hewani wakitazama dirisha letu linavyotoa moshi. Nikatokea mlangoni nimelowa ukwaju, bisibisi mkononi. Watoto ndio walioanza kucheka, kisha wakafuata wakubwa.

Baba akanijia taratibu, hakufoka, na hilo ndilo lililoniua kabisa. "Umefanya nini, Salma?"

"Nimepunguza waya ili moto upungue, baba."

"Mbona umezidi?"

Nilijua chuo ndiyo basi tena. Lakini swali lenyewe likanikera, nikachana boksi la maji ya chupa, nikaomba kalamu, nikaanza kuandika mbele yake na ami na kaka aliyebaki na kanzu tupu. Volti gawanya kwa ampea: mia mbili thelathini kwa nusu, ukinzani ni omu mia nne sitini (huo ndio ubishi wa waya wa kuzuia umeme). Volti mara ampea, nguvu ni wati mia na kumi na tano. Waya ukiwa nusu, ukinzani unashuka mpaka omu mia mbili thelathini, ila volti za ukutani ziko pale pale, kwa hiyo inapita ampea moja nzima, na nguvu... Nikaandika jibu, nikalizungushia duara.

"Wati mia mbili thelathini," nikasema. "Nimeuzidisha moto mara mbili, baba. Ubishi ukipungua, umeme unapita mwingi zaidi."

Baba akaligeuza boksi upande wake. "Kwa hiyo ulitakiwa kuongeza waya?"

"Ndiyo, baba."

"Na ungeandika haya kwanza, ungejua?"

"Ningejua."

Ami akaliinua joho lake, akachungulia kwenye tundu, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akamvalisha Nassor. "Twendeni, binti wa watu anasubiri. Ukifika egemea ukuta, usimpe mtu mgongo." Na kaka yangu ameoa hivyo hivyo, ananuka ukwaju.

Magari yanawashwa, baba akarudi. "Jumatatu nenda chuo."

"Baba?"

"Nenda kamalize. Umelitafuta kosa lako mbele ya watu wote hawa na umelipata, sasa dukani ukafanye nini? Ukikaa kwangu utaniunguzia vitambaa."

Nililia kuliko bibi harusi. Begi nililipanga jioni ile ile kabla hajaghairi, na nimeapa, waya siukati tena, hata wa redio mbovu, mpaka nimekaa chini nikaandika.